Shaba ya Bwana Thornbury

Kula na mtu ni jambo jepesi. Hata paka na mbwa hula katika jiko moja, mradi mpishi ni mmoja. Ugumu huja siku chungu kinapopinduka na moto ukaruka, kila mlaji akautafuta mlango. Hapo ndipo ajulikanapo aliye wako na aliyekuwa mwenzi wa sahani tu. Waliotutangulia waliliona hilo wakalifunga kwa maneno machache: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Lazarus Wafula aliisikia methali hiyo tangu utoto wake kule Bungoma, na aliidharau. Aliiona ni faraja ya watu wasiopata kula vizuri.

Lazarus alikuwa boi mkuu katika nyumba ya Bwana Thornbury huko Kilimani, mahali ambapo nyumba za mawe zilijificha nyuma ya miti na bustani, na mbwa walikula nyama kila siku. Mwaka huo wa hamsini na saba Bwana Thornbury alikuwa amekwisha kukiacha kiti cha umeya wa Nairobi, lakini watumishi waliendelea kumwita Bwana Meya. Lazarus ndiye aliyelitamka jina hilo kwa sauti kubwa kuliko wote. Alipopita njiani na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi na mshipi mwekundu kiunoni, ungedhani umeya wenyewe walikuwa wakipokezana yeye na bwana wake. Maringo hayo! Ukimwuliza habari za nyumbani kwao, anakupa habari za Bwana. Ukimwuliza hali ya mkewe, anakuambia Memsahib ana mafua.

"Mimi na Bwana tunakula chungu kimoja," alipenda kujigamba mbele ya maboi wengine.

Na kweli walikula chungu kimoja. Tofauti ni kwamba Bwana alikula kwanza, ameketi mezani, na Lazarus alikula baadaye, amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, akila kilichobaki. Tofauti hiyo hakuiona, au aliiona akaifumbia macho.

Aliyeiona vizuri ni mkewe Nanjala, ambaye yeye, mumewe na binti yao Lornah walibanana katika chumba kimoja nyuma ya nyumba kubwa. Nanjala hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Tangu iliposikika kwamba Bwana Thornbury ameiuza nyumba na atarudi Uingereza moja kwa moja, mama huyo hakuwa na usingizi.

"Baba Lornah, Bwana akiondoka sisi tutalala wapi?" aliuliza asubuhi moja akimsuka binti yake. "Nyumba si yetu. Nyumbani hujajenga hata banda la kuku."

"Bwana hawezi kunitupa," akajibu Lazarus. "Aliniahidi."

Ahadi yenyewe ilikuwa hivi. Siku moja baada ya karamu, Bwana akiwa amekunywa akachangamka, alimpiga Lazarus begani akasema kwa Kiswahili chake cha kizungu, "Lazaro, wewe mtu ya nyumba yangu. Mimi hapana sahau wewe." Basi. Ni hayo tu. Lakini juu ya maneno hayo machache Lazarus alikuwa amejenga ghorofa. Rafiki za Bwana walikuwa wameagiza kutoka London sanamu ya shaba, kichwa na mabega ya Bwana Thornbury, isimamishwe katika bustani ndogo katikati ya mji kuwa kumbukumbu ya umeya wake. Lazarus aliamini kwamba kabla ya kupanda ndege, Bwana angewaambia wakubwa wa mji: mlinzi wa sanamu yangu awe mtu wangu wa nyumbani, na apewe nyumba ya kukaa. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijiambia mwenyewe, na akayaamini maneno yake.

Wiki ile ile sanamu iliposhushwa kwenye garimoshi, kaka yake Lazarus, jina lake Nashon, naye alishuka kutoka garimoshi la Kisumu. Alitembea kwa miguu mpaka Kilimani akiwa na kuku kwapani na mfuko wa njugu begani. Walikuwa wamefanana kama shilingi kwa ya pili: warefu, weusi, wenye mwanya mbele na tabia ya kuinamisha kichwa mlangoni hata pale mlango ulipokuwa mrefu. Kilichowatofautisha ni viganja. Vya Nashon vilikuwa na sugu za jembe.

"Karibu, shemeji!" Nanjala alimpokea kwa furaha, akamwondolea mzigo. "Afadhali umekuja. Pengine wewe utasikilizwa."

Nashon hakupoteza wakati. Alipokwisha kunywa chai alimgeukia mdogo wake.

"Lazaro, nimekuja kukuchukua. Baba mdogo Zachariah ameingia shamba la marehemu. Amevuka mfereji, amelima mpaka karibu na kaburi. Wazee wameniambia wazi: mwana mmoja hatoshi. Wana wa marehemu lazima wasimame mpakani wote, miguu juu ya udongo, wanyoshe mikono waseme hapa ndipo baba alipotuachia. Baraza ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mmoja wetu akikosekana, Zachariah amepata."

"Jumamosi ya wiki ijayo!" Lazarus akaguna. "Jumatatu hii sanamu inafunuliwa. Halafu kuna kufunga mizigo ya Bwana. Nani atafunga vyombo vya udongo bila mimi?"

"Baba alipokufa pia ulikuwa na kazi."

Ni kweli. Baba yao alipofariki, Bwana Thornbury alikuwa na wageni kutoka ng'ambo, na Lazarus alituma blanketi kwa mkono wa mtu. Nashon alimzika mzee, na siku ya kunyoa nywele, siku ambayo kila mtoto wa marehemu hukaa chini akanyolewa na mambo ya urithi yakatamkwa, alikaa peke yake katikati ya ua. Watu walitazama nafasi tupu pembeni mwake wakanong'ona. Aibu hiyo Nashon hakuwa ameitaja hata siku moja.

"Tutakwenda," akasema Lazarus hatimaye, ili amnyamazishe. "Sanamu ikishafunuliwa na Bwana akisema neno lake, tutakwenda. Na nikipewa ile kazi, hilo shamba utalilima wewe tu, mimi sitalihitaji."

"Maneno gani hayo!" akasema Nanjala. "Shamba la baba yako hulihitaji, unahitaji kichwa cha Mzungu kisicho na mwili?"

Nashon alicheka bila kutaka. Lazarus hakucheka.

Jumapili baada ya ibada, Lazarus alimchukua kaka yake wakaenda mjini kuitazama sanamu. Maduka yalikuwa yamefungwa na barabara zilikuwa tulivu. Langoni mwa bustani alikuwako askari wa zamu, Mkamba mmoja mcheshi aitwaye Ngui, aliyemfahamu Lazarus kwa kumwona mara nyingi akimletea Bwana Meya chakula cha mchana ofisini.

"Ni wewe, boi ya Meya!" akasema Ngui. "Umekuja kusalimia mkubwa wako? Pita, lakini hiyo kitambaa usiangushe. Inangojea wakubwa kesho."

Sanamu ilisimama juu ya nguzo ya mawe, imefunikwa kwa kitambaa cheupe. Lazarus alikiinua taratibu kama mtu afunuaye mtoto aliyelala. Akaruka nyuma.

"Mungu wangu! Wamemfanya nini Bwana?"

Uso ulikuwa wa Bwana kabisa, na kidevu kile, na mikunjo ile ya macho. Lakini shaba ilikuwa nyeusi. Hudhurungi ya giza kila mahali, na penye mabonde ya masikio na kola ya koti kulikuwa na rangi ya kijani, kama ile ya bomba kuukuu.

Ili mtu amwelewe Lazarus hapo, sharti ajue alivyofundishwa. Katika nyumba ya Kilimani vitasa vya milango vilikuwa vya shaba, na kengele, na vinara, na trei ya chai. Kila Jumamosi Memsahib alipita akiinama mbele ya kila kitasa. Akiuona uso wake ndani yake, alikwenda mbele. Asipouona, boi alikatwa posho na kuitwa mvivu mbele ya wenzake. Miaka yote ya kazi yake Lazarus alifundishwa jambo hilo moja mpaka likaingia katika damu: shaba nyeusi ni uchafu, na uchafu ni aibu ya mtumishi. Leo aliuona uso wa bwana wake mwenyewe umeachwa uote kutu mbele ya mji mzima, na kesho yake wakubwa wangekuja kuutazama.

"Ni hewa ya bahari," akasema kwa uchungu. "Imekaa ndani ya meli, na hakuna hata mmoja aliyeifuta. Nashon, ningoje hapa."

"Unakwenda wapi?"

"Kuleta dawa ya shaba."

Nashon akamshika mkono. "Ndugu yangu, umetumwa?"

"Mtu wa nyumbani hangoji kutumwa."

"Labda ndivyo walivyoitaka. Mzungu hana kitu asichokuwa na sababu nacho. Hebu mwulize kwanza."

"Kumwuliza? Nimwambie Bwana uso wake ni mchafu?" Lazarus alijinasua. "Wewe umezoea ng'ombe. Mambo ya wakubwa niachie mimi."

Akaenda mbio mpaka Kilimani, akarudi na kopo la dawa na matambara. Alivua kanzu akabaki na shati, akapanda juu ya ukingo wa nguzo, akaanza kazi. Alisugua paji la uso, akasugua pua, akasugua mashavu. Weusi uligoma, naye akakaza. Matambara yakawa meusi tititi, na chini yake shaba ikaanza kutoka, ya manjano, yenye kumetameta. Nashon aliketi kwenye benchi akitafuna njugu, hana raha. Ngui alikuja kuchungulia, akapiga mluzi.

"Aii! Sasa imekuwa kitu ya maana. Kwanza ilikaa kama sufuria ya mahindi."

"Umeona?" akasema Lazarus, jasho likimtiririka. "Kesho Bwana atauliza, nani ameifanya kazi hii? Nami nitakuwa nimesimama pale nyuma."

Hakuna kati yao aliyekuwa na nia mbaya. Hata Ngui aliifurahia kazi ile. Jioni ilipokaribia, Lazarus alikirudisha kitambaa mahali pake, akavaa kanzu, akarudi nyumbani mwepesi kama mtu aliyepanda cheo.

Kesho yake bustani ilijaa. Wazungu walikaa kwenye viti, wanawake wao na kofia zao. Wahindi wachache wenye mali walikuwa pembeni. Na nyuma kabisa, wamesimama, walikuwa watumishi, Lazarus akiwa mbele yao. Hotuba zikasomwa. Kisha mkubwa mmoja wa serikali akaishika kamba, akavuta.

Lo! Kichwa cha Bwana Thornbury kiliwaka juani kama sufuria mpya ya harusi. Pua ndiyo iliyong'aa kuliko vyote. Ndani ya nyusi na katika mikunjo ya masikio dawa ilikuwa imekauka ikawa nyeupe, hata ungedhani mheshimiwa alikuwa ananyolewa akaitwa ghafla kabla povu halijafutwa. Shingoni, mahali ambapo mkono wa Lazarus haukufika vizuri, weusi ulibaki mabaka mabaka.

Halafu mwanamke mmoja alicheka, akaziba mdomo. Kicheko kikapita kwenye viti vya nyuma, kikavuka kwa Wahindi, kikawafikia hata maboi. Memsahib Thornbury alifunika uso kwa glavu zake. Bwana mwenyewe aligeuka mwekundu mpaka ukosi, na hakuuliza kazi ile imefanywa na nani kwa sauti ile aliyoitarajia Lazarus.

Jioni hiyo mezani, Lazarus akimimina chai, aliyasikia yote. Kiingereza hakukizungumza vizuri, lakini mtu aliyesimama nyuma ya viti vya Wazungu miaka mingi hujua zaidi ya wanavyodhani. Fundi wa London, alisema Bwana, alikuwa ameichoma shaba ile kwa dawa, tabaka juu ya tabaka, ipate rangi ya giza ya vitu vya heshima. Kumbe weusi ule haukuwa uchafu. Ndio uliokuwa heshima yenyewe! Bwana akapiga meza kwa ngumi. Hiyo ni hujuma, akasema. Katika siku hizi za Hali ya Hatari, kumfanya mzee wa mji kichekesho ni kuitukana serikali. Aliyefanya hivyo achapwe viboko mbele ya sanamu ile ile.

Lazarus aliliweka birika la chai mezani, akainama, akarudi jikoni. Hapo alikuwa na nafasi ya kusema: Bwana, ni mimi, na nilifanya kwa kukupenda. Hakusema. Alijipa moyo kwamba hasira za wakubwa ni mvua ya kupita.

Polisi walifika asubuhi. Ngui, kuokoa kazi yake, alikuwa ameficha kwamba ndiye aliyemruhusu Lazarus kuingia, akasema tu kwamba alimwona mtu mrefu mwenye mwanya, Mluhya, akizungukazunguka bustanini, na kwamba mtu huyo alitokea nyumba ya Thornbury. Inspekta wa Kizungu aliingia uani na askari wake, akawakuta ndugu wawili wamesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, warefu wote, wenye mwanya wote. Akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Nani alikwenda sugua sanamu?"

Bwana Thornbury alitoka barazani na kiko chake mdomoni. Lazarus akamwangalia. Alimwangalia kama mtu anayezama amwangaliavyo aliye ukingoni. Neno moja tu la Bwana, "huyo ni mtu wangu", lingetosha. Bwana alitoa kiko, akakigonga kwenye nguzo majivu yakamwagika, akakirudisha mdomoni.

"Ni mimi," akasema Nashon.

Nanjala, aliyekuwa nyuma yao, alishika kichwa. Askari wakamkamata Nashon mikono. Alipopita karibu na mdogo wake alisema upesi kwa Kibukusu, "Una mke na mtoto. Mimi sina wa kunililia. Nenda Jumamosi kwa wazee, uwaombe waahirishe. Umesikia? Nenda."

Lazarus alitikisa kichwa kukubali. Gari likaondoka na kaka yake.

Kesi haikuchukua muda. Hakimu alisema mfano lazima utolewe, akampa Nashon kifungo na kazi ngumu mpaka mvua za mwaka uliofuata. Sanamu, kwa taarifa yako, ilipakwa dawa na fundi mmoja wa mjini, ikarudi kuwa nyeusi kama mwanzo kabla mfungwa hajazoea sare yake. Madhara yote yalikuwa ni hayo. Lakini nani angefuta kifungo kwa sababu hiyo?

"Nenda ukaseme!" Nanjala alimlilia mumewe. "Mtu mzima unamwacha kaka yako aoze jela kwa kosa lako?"

"Nikisema sasa tutakosa vyote," akajibu Lazarus. "Ngoja Bwana apoe. Akipoa nitamweleza, na yeye na hakimu ni marafiki. Neno lake moja litamtoa Nashon."

"Na Jumamosi?"

"Sasa nitaondokaje hapa? Bwana atanihitaji kwa mizigo. Nikimkasirisha saa hii, nani atamsemea Nashon?"

Basi Jumamosi ikafika, na Lazarus akaimaliza akifunga sahani za Memsahib katika nyasi kavu, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu mkubwa, hata moja isivunjike. Baadaye mtu wa kwao aliyeitwa Dalmas, mpishi katika nyumba ya jirani, alirudi kutoka likizo na habari. Wazee walikaa, wakaita wana wa marehemu, hakuna aliyejibu. Baba mdogo Zachariah alikuwa amekwisha kupanda mkonge kuzunguka shamba lote, na kaburi la mzee lilikuwa ndani ya ua wake. Lazarus alisikiliza mpaka mwisho, akaingia jikoni, akaendelea kuosha vikombe.

Siku moja kabla ya safari, alipoona Bwana amekaa peke yake kati ya masanduku, alivaa kanzu safi akaenda kusimama mbele yake.

"Bwana, ile sanamu. Si kaka yangu. Ni mimi. Niliona uchafu, nikasafisha, kama Memsahib alivyonifundisha. Tafadhali, Bwana, sema na hakimu, ndugu yangu atoke."

Bwana Thornbury alimtazama bila ukali wowote. Afadhali angefoka.

"Wewe nasafisha?" Akatikisa kichwa. "Na yule ndugu yako? Mimi hapana jua wewe nayo ndugu. Siku yote wewe nasema watu yako iko hapa, nyumba hii."

"Ni wa tumbo moja, Bwana."

"Basi yeye nasema uwongo kwa korti. Hiyo kosa ingine." Akanyosha miguu. "Sikia, Lazaro. Shauri kwisha. Kesho mimi nakwenda. Mimi hapana taka kelele tena, gazeti tena. Wewe funga mdomo, au nyinyi wawili nakaa ndani. Nasikia?"

"Nasikia, Bwana. Na... na mimi, Bwana? Ulisema hutanisahau."

Bwana alikuna kidevu, akijaribu kukumbuka lini alisema hivyo. Hakukumbuka. Aliangaza huku na huku kati ya masanduku, akaokota koti kuukuu ambalo halikupata nafasi, akampa.

"Hii kwa wewe. Bwana mpya nakuja na boi yake. Kesho toa vitu yako kwa chumba."

Na Lazarus, masikini, kwa mazoea ya miaka yote, alilipokea kwa mikono miwili akasema asante.

Nanjala hakupiga kelele aliposikia. Alikunja nguo zake na za Lornah, akazifunga kwenye shuka. "Mimi nakwenda kwa kaka zangu," akasema. "Nyumba yao ni ndogo, lakini hawataniuliza nimekuja kufanya nini. Wewe baki na koti lako." Alipanda garimoshi la jioni, na mtoto akamtazama baba yake dirishani mpaka wakaondoka.

Mtu aliyefukuzwa kazi Nairobi siku zile hakuwa na mahali pa kuweka kichwa. Bila mwajiri kulikuwa hakuna chumba, na bila chumba kulikuwa na polisi. Lazarus alibisha hodi kwenye mageti ya Kilimani aliyokuwa akiyapita kwa maringo. Wale maboi aliokuwa akiwatambia wakamwambia kwa upole kwamba hapa hakuna nafasi, bwana, jaribu mbele. Alijaribu mbele mpaka mbele ikaisha. Alilala vichakani, akanyeshewa, kanzu ikawa rangi ya udongo. Njaa ikamfundisha kutembea polepole.

Adhuhuri moja alikuwa akijikokota kando ya Barabara ya Ngong, karibu na uwanja wa maonyesho ya kilimo, akaliona kundi la wafungwa wakifyeka nyasi chini ya ulinzi. Saa ya chakula ilikuwa imefika na wamekaa chini. Mmoja wao, mwembamba, kichwa kimenyolewa, alikuwa na mwanya.

Lazarus alitaka kupita. Aibu ilimvuta kule, miguu ikamvuta huku. Askari wa gereza, mtu mzima mwenye mvi, alitazama uso wake, akatazama uso wa mfungwa wake, akageukia upande mwingine.

"Upesi," akasema. "Mimi sijaona mtu."

Lazarus akapiga magoti kwenye nyasi zilizofyekwa. Maneno yalimtoka yote kwa pamoja, yamechanganyika na kamasi. "Kaka, amekataa. Nilimwambia, akakataa. Shamba limekwenda. Sikwenda Jumamosi. Nanjala ameondoka na mtoto. Nimekuua, kaka, nimekuua ungali hai."

Nashon alimsikiliza. Taya zake zilikaza, na kiganja chake kikajifumba juu ya goti, na kwa muda Lazarus alidhani atapigwa, akatamani apigwe. Kaka yake hakunyanyua mkono. Alimtazama mashavu yaliyobonyea, akaitazama ile kanzu.

"Umekula?" akauliza.

Lazarus alitikisa kichwa kukataa.

Nashon akalichukua bonge la ugali lililokuwa katika bakuli lake la bati, akalimega. Kilichobaki kwake kilikuwa kidogo. Kile kikubwa alikisukuma mbele ya mdogo wake.

"Kula," akasema. "Hasira yangu ipo, na haitaisha leo wala kesho. Lakini kula."

Lazarus aliula ugali ule wa jela ameketi chini pamoja na kaka yake. Uchungu ulioje katika kila tonge! Wakati huo Bwana Thornbury alikuwa ng'ambo akila chakula chake cha asubuhi, wala hakuwa na habari. Nasi tusiokuwapo tunaweza kubisha methali nyingine zote tukitaka, lakini hii Lazarus Wafula alituthibitishia kwa tonge na machozi: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.